Nimelipa Samaki Arudi Majini: Boti za Uvuvi za Watamu Machoni pa Mama Samaki wa Kisumu

Mimi nauza samaki. Miaka 17 nimeishi na kisu na mizani hapa Kisumu. Nilianza na mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aliyekwisha tolewa nofu, kule Obunga, na sasa nina meza yangu ya mbuta (sangara) na ngege (tilapia) karibu na soko la Kibuye. Kwa hivyo mume wangu aliponiambia kwamba yeye na mdogo wake wa Nakuru wanataka twende Watamu, kule pwani, mwishoni mwa Novemba tukavue samaki kwa burudani, na kwamba sisi ndio tutakaolipa, nilimuuliza swali moja tu: kilo watatulipa ngapi? Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha akanipa kazi ya kutafuta boti, eti mimi ndiye ninayejua samaki.

Watu wa huku ziwani wanaotamani safari kama hii si wachache, na wakitafuta habari wanakutana na picha tu: mtu amekumbatia samaki mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia, nyuma yake bahari ya buluu. Picha haina habari. Mimi nikimlaza mbuta mkubwa mbele ya meza, haina maana kwamba ndani ya barafu wamo wengine kama yeye. Mfanyabiashara wa samaki yeyote anaujua mchezo huo.

Majina ya boti siyataji, ya ile iliyotufaa wala ya wale waliotutesa. Nahodha aliyetubeba alisema hiyo ni boti ya tatu anayoiendesha katika miaka sita. Akihama yeye, kitakachobaki pale ni chombo na injini, na sifa nitakazokuwa nimezimwaga hapa zitakuwa za mtu ambaye hayupo tena.

Nilipiga simu kama tisa. Kijana wa kwanza alinipa bei ya kutamanisha, shilingi 30,000 siku nzima, watu wanne. Nikamuuliza tutavulia wapi. "Hapa hapa mama, kwenye matumbawe, dakika kumi tu, samaki wamejaa." Sasa, hata mimi wa Kisumu najua kwamba mbele ya Watamu kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuvua. Samaki wamejaa kwa sababu hawaguswi! Nikamshukuru, nikakata simu.

Wa pili ndiye aliyekula pesa yetu. Alikuwa dalali, ingawa hakujiita hivyo. Alisema "boti yetu" kwa sauti ya mwenye mali. Nikamtumia dipositi ya shilingi 15,000 kwa M-Pesa, kwenye laini yake mwenyewe, jina la mtu, wala si namba ya kampuni. Hilo ni kosa langu na nimelikubali. Wiki mbili kabla ya safari boti ikabadilika jina. Siku tatu baadaye "siku nzima" ikawa saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Kisha mafuta yakawa juu yetu. Nilipomwambia arudishe pesa, simu ikawa haipatikani mpaka shemeji yangu alipompigia kwa namba nyingine akijifanya mteja mpya. Tulirudishiwa 6,000. Hizo 9,000 nimezihesabu kama karo.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza bei kwanza. Nilikuwa nauliza: nahodha ni nani, na je, naweza kuongea naye sasa hivi? Wengi walikuwa na sababu. Yuko baharini, yuko msikitini, simu yake imezimika. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapokea simu za kampuni moja ndogo hakubishana. Akasema subiri, nikasikia mlango, nikasikia kuku, kisha sauti ya mzee.

Mzee huyu hakuniahidi samaki. Aliuliza, "Mmeshawahi kutoka nje ya mwamba?"

Nikamwambia sisi ni watu wa Nam Lolwe, Ziwa Victoria, maji tumeyazoea.

Akanyamaza kidogo. "Basi nunueni dawa ya kigegezi, mama. Mnywe usiku kabla ya kulala, na asubuhi tena."

Nilicheka. Tutarudi kwenye kicheko hicho.

Alinieleza misimu kwa lugha ambayo hata muuza nyanya angeielewa. Jodari wanaanza kuonekana vizuri kuanzia Agosti mpaka Oktoba hivi. Sulisuli, yule mwenye pezi kubwa mgongoni kama tanga, wakati wake mzuri ni kuanzia Novemba, kaskazi ikianza kuvuma. Wale wakubwa zaidi ambao watalii wanawaita marlin, Januari mpaka Machi. Kusi ikikaza, hasa Mei mpaka Julai, bahari huchafuka na boti nyingi hupandishwa pwani zikapakwa rangi na kufunguliwa injini. Kwa hivyo mtu akikuuzia safari ya Juni kwa nusu bei, si ukarimu.

Bei yake ilikuwa 76,000 kwa siku, saa kumi za majini, zikihesabiwa tangu boti inapong'oa nanga. Hapo pana mtego mwingine kwa wageni. Bei hii ni ya boti nzima na si ya kichwa, kwa hivyo mkiwa wanne kila mmoja ni 19,000, na mkiwa wawili mtaumia. Ndani yake mlikuwa na mafuta, chambo, vifaa vyote vya kuvulia, kibali cha uvuvi, maji na chakula cha mchana. Nilimwomba yule mwanamke aniandikie yote kwa ujumbe wa WhatsApp, pamoja na hili: nahodha akisema hali ya hewa hairuhusu, tunarudishiwa pesa au tunapewa siku nyingine. Akaandika, bila kunuka hasira. Halafu nikauliza swali ambalo lilimfanya acheke kama mume wangu: samaki watakaopatikana ni wa nani?

Wasomaji wangu, swali hili ulizeni mapema. Kwenye boti nyingi nilizopigia, samaki ni mali ya boti. Ukishavua, wao wanauza, wewe unapewa kipande cha chakula cha jioni. Siwalaumu, mafuta ya dizeli yana bei yake, lakini mteja anayejua hilo akiwa ufukweni, mikono inamtetemeka kwa uchovu, atagombana tu. Sisi tulikubaliana samaki wawili wa kula, wa kuchagua wenyewe. Sulisuli na jamaa zake wenye mdomo mrefu, wote wanarudishwa majini wakiwa hai. Hilo alisema halina mjadala. Niliposoma ujumbe huo nilimwonyesha mume wangu. "Yaani tunalipa tumvue halafu tumwachilie?" Akasema ndiyo. Nikasema haya.

Safari yenyewe kutoka huku ni ndefu. Basi la usiku mpaka Nairobi, treni ya SGR kutoka Syokimau, mkashuka Miritini mchana mkiwa mmekauka, kisha matatu ya Malindi ikatuacha Gede, na tuktuk ikatumalizia. Anayeweza kupanda ndege mpaka Malindi apande, asisikilize ushujaa wa watu kama mimi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa ufukweni. Boti zinalala mbali kidogo, unapelekwa kwa kijiboti cha mpira, kwa hivyo usivae viatu vya kufunga kamba. Kabla hatujaondoka nilimwomba nahodha anionyeshe cheti cha ukaguzi cha Kenya Maritime Authority. Shemeji aliona aibu kwa niaba yangu. Mzee hakuona aibu hata kidogo. Alikichomoa kwenye mfuko wa plastiki karibu na usukani na kunionyesha kwa kidole idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Jaketi za kuokolea maisha alituvalisha mmoja mmoja akikaza mikanda, na za akiba akatuonyesha zilipo. Injini zilikuwa mbili, na redio ya mawasiliano ilikuwa inafanya kazi, nilisikia watu wakisalimiana humo. Na kwa akina mama: choo kipo, kidogo kama kabati, lakini kina mlango unaofungwa. Ulizeni. Saa kumi ni nyingi, na kwenye simu mbili nilizopiga niliambiwa "tutasimamisha boti," nikaelewa maana yake.

Tukavuka mwamba jua linatoka.

Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi, yanagonga, unayaona yanakuja na unajishika. Ya bahari ni marefu. Yanakuinua polepole kama mama anayembeba mtoto aliyelala, kisha yanakushusha bila kukuambia, na tumbo linabaki juu. Saa moja na nusu mume wangu, mtoto wa wavuvi wa Dunga, alikuwa ameinamia ukingoni. Saa mbili nilimfuata. Shemeji na mkewe, watu wa Nakuru wasiojua hata kuogelea, walikuwa wamekunywa dawa kama walivyoambiwa na sasa wanatafuna mahamri. Sitasahau harufu ya mahamri yale ikichanganyika na moshi wa dizeli. Nahodha hakutucheka. Alituambia tukae katikati kwa nyuma, mahali boti inaporuka kidogo, tutazame mstari wa mbali ambapo bahari inakutana na mbingu, na tusiingie ndani kulala. Baharia mmoja akaniletea kipande cha tangawizi mbichi nitafune. Kilisaidia, au labda nilikuwa sina tena cha kutapika.

Uvuvi wao unaitwa kurambaza: boti inakwenda, chambo zinavutwa nyuma. Tulikuwa na mishipi mitano, miwili imeenezwa kando kwa fito ndefu zilizochomoza kama mikono ya kaa ili isifungamane. Nahodha alikuwa hatazami mishipi hata kidogo, anatazama ndege. Palipokuwa na ndege wanajirusha majini, palikuwa na vidagaa, na chini ya vidagaa kuna mtu mwenye njaa. Hapo nikamwelewa. Nasi huku mvuvi mzuri humjui kwa nyavu zake.

Tulikuwa tumepiga kura kwa njiti za kiberiti nani atashika fimbo wa kwanza. Mume wangu alipata nguru. Alipotua kwenye sakafu ya boti nikasema, nikiwa bado nimeshika kichwa, "kilo tisa kasoro." Mizani yao ikasoma 8.7. Tangu hapo mabaharia wakaniita mama mizani.

Zamu yangu ilifika saa nne na robo. Niliona kwanza kitu cheusi nyuma ya chambo bandia, kama kipande cha mwavuli kinachokatiza maji. Nahodha akapiga kelele neno moja, "Sulisuli!", na kila mtu kwenye boti akawa na kazi. Baharia mkubwa akavuta kile chambo bandia kwa kasi ili kumchokoza, mwenzake akadondosha mahali pake kipande cha tumbo la sehewa chenye ndoano ya duara, akaachia uzi ukimbie huru huku anahesabu taratibu kwa sauti. Nilidhani amelala. Alipofika saba akakaza, fimbo ikapinda, akanikabidhi. "Usimkurupushe mama. Akikimbia mwache. Akipumzika, vuta."

Mbuta anapigana kwa uzito, anakwenda chini kama gunia la mchanga. Huyu hakwenda chini. Aliruka. Aliruka mara sita au saba, mwili wote nje ya maji, anatikisa kichwa kama mtu anayekataa shutuma. Uzi ulikuwa unatoka kwenye rili, kile kigurudumu cha uzi kwenye fimbo, kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia cherehani inashonwa kwa kasi nashtuka. Nilimuuliza nahodha hapa chini kuna kina gani, ili tu nipate nafasi ya kupumua, akasema mita 200 na zaidi. Ziwa letu lote, hata pale penye kina kuliko kote, halifiki nusu ya hapo. Nikatamani nisingeuliza.

Nilipigana naye kama dakika ishirini na tano. Kigegezi nilikisahau, na hiyo ndiyo dawa ambayo mzee hakunitajia. Alipofika ubavuni mwa boti, baharia akavaa glavu, akamshika kwenye ule mdomo. Nikainama kumwangalia, na sasa acheni niseme kitu kama muuza samaki. Mimi huwaona wakiwa wamekufa. Rangi ninayoijua ni rangi ya barafu. Huyu alikuwa na mistari ya buluu inayowaka ubavuni kama taa zinazowashwa na kuzimwa, na pezi lake la mgongoni, lilipofunguka, lilikuwa na madoa meusi. Jicho kubwa kama kizibo cha soda, likinitazama. Nikamkadiria kilo 26. Nahodha akasema 25. Hakuna aliyempima, kwa sababu hawamtoi majini.

Ndoano ilikuwa imeshika kwenye kona ya mdomo, haikuingia tumboni. Ndiyo kazi ya ile ndoano ya duara, wakaniambia. Baharia akamchomeka karibu na pezi la mgongo kitu kama uzi mwembamba wa plastiki wenye namba. Ni wa shirika la African Billfish Foundation, ambalo liko hapo hapo Watamu. Samaki huyo akivuliwa tena mahali pengine na namba ikaripotiwa, wanajua alikotoka na muda aliokaa. Kisha, na hapa ndipo nilipowapa heshima, hawakumtupa. Boti ikaendelea kwenda polepole, baharia amemshika mdomo ubavuni, maji yakipita kwenye mashavu yake, dakika mbili, dakika tatu, mpaka rangi ikamrudi na akaanza kupiga mkia mwenyewe. Ndipo akamwachilia. Alizama bila haraka.

Kilo 26, nikapiga hesabu kichwani bila kutaka. Mkono umezoea.

Baada ya hapo tulipata fulusi wawili na jodari mmoja mnene. Jodari wa pili alituponyoka kwa sababu rili moja breki yake ilikuwa inateleza; baharia aliijua kasoro hiyo, nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, na kwa bei ile haikufaa kuwa kwenye fimbo ya mteja. Chakula cha mchana kilikuwa cha aibu. Mkate wa dukani uliopakwa kitu, yai, na soda ya moto, wakati tumekaa juu ya barafu ya samaki! Kivuli kiliwatosha watu watatu, wa nne anachomwa. Na hakuna aliyetuambia mapema kwamba mabaharia hutegemea bahshishi mwisho wa siku. Tuliwapa 4,000 na walistahili zaidi, ila noti zilikuwa zimebaki chumbani.

Ufukweni kijana mmoja ambaye hakuwa hata baharini alikuja na ndoo na kumshika nguru wetu mkia. Nikafungua simu, nikamsomea ule ujumbe. Nahodha akasema tu, "Mwachie mama, ni haki yake," na ikaisha. Tulichagua nguru na fulusi mmoja. Nikaomba kisu, nikawapasua hapo hapo juu ya ubao, na vijana wakakusanyika kuona mwanamke anayetoa nofu kwa mikato mitatu. Mmoja akauliza, "Mama, kwenu wapi?" Nikamjibu kwetu hatupotezi mgongo. Na kweli mgongo niliuchukua, tukaukaanga jioni mpaka ukalia kwenye meno.

Kwa alama nawapa nane kwa kumi. Nimekata moja kwa ile rili na moja kwa mkate.

Kwa asiye na nauli ya pwani, huku kwetu pia unaweza kukodi boti kutoka Mbita au Rusinga ukarambaza mbuta kwa mtindo ule ule, asubuhi mapema kabla upepo wa mchana haujaamka. Gharama ni ndogo, na jioni uko nyumbani. Lakini maswali yasipungue: jaketi ziko ngapi, nani anaendesha, na mbuta aliye chini ya sentimita 50 anarudishwa au anafichwa chini ya turubai? Nimewaona wakifichwa. Huletwa kwangu.

Siku ile baharia alijaza kadi ya yule sulisuli: namba, mahali, uzito wa kukadiria, na jina langu limeandikwa vibaya. Niliipiga picha, nikaichapisha kwenye saiba hapa Kibuye na kuibandika ukutani nyuma ya mizani. Juzi mteja wangu mmoja wa siku nyingi aliitazama akisubiri chenji, akauliza hiyo ni risiti ya nini. Nikamwambia ni ya samaki wa shilingi 76,000, na bado yuko baharini.